Muulize Shangazi: Maneno ya mgeni rasmi yaandikwe kwenye muhtasari

Shangazi ni karani mstaafu wa mahakama ya wilaya, anaishi Mtwara. Barua zimefupishwa na majina yamefichwa.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mkulima wa korosho Tandahimba, mjane, mwanachama wa chama chetu cha msingi tangu marehemu aniachie mikorosho. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka tuliletewa mgeni rasmi, kiongozi anayejulikana wilaya nzima. Watu walikuwa na hasira ya makato ya fedha za korosho na bei ya mnada. Mzee mmoja akauliza swali la makato, mgeni akasimama, akasema bei ya korosho ni sawa na mwanamke aliyebanwa porini: kukimbia hawezi, kelele hazisikiki, basi atulie afaidi. Wanaume walicheka mpaka wengine wakagonga viti. Sisi wanawake tuliokaa mkekani, wengi nao wakacheka, baadhi wameziba midomo kwa kanga. Mimi sikucheka, ila sikusema kitu. Jirani yangu, ambaye najua yaliyompata binti yake, aliinuka kama anayekwenda msalani na hakurudi hata kusaini posho.

Jioni nikamweleza shemeji yangu, mjumbe wa bodi. Akasema, "Shemeji, acha hizo. Kwenye unyago mnaimba makubwa kuliko hayo, leo mnajifanya masista?" Nikakosa jibu. Nikimsema mgeni wakubwa wataniona sina adabu, na msimu ukifika nategemea ghala la chama hicho hicho. Nifanye nini?
*Mama wa Mikorosho, Tandahimba*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na shemeji yako, maana mgeni rasmi alishapanda gari lake akaondoka, aliyekufunga mdomo ni shemeji.

Mwambie hivi: unyago una mlango. Wanaume hawaingii. Ngoma inapigwa ndani, wanawake peke yao, na mwali yupo pale kufundishwa mwili wake, usafi wake na namna ya kuishi na watu. Nimekuwa somo, yaani mwalimu wa wali, na nyimbo za mle ndani nikiziandika hapa mhariri atazimia. Lakini sijasikia hata wimbo mmoja unaomwambia mwali kwamba akishikwa kwa nguvu atulie afaidi. Shemeji yako ameisikia ngoma akiwa nje ya ua wa makuti, akaokota maneno mawili, sasa anayatumia kumtetea mtu aliyesema jambo tofauti kabisa, kwenye kipaza sauti, mbele ya wazee na vijana na mama ambaye mtoto wake yamemkuta. Asichanganye.

Sasa mgeni mwenyewe. Utani ule hakuutunga yeye, kautwaa ukiwa umechakaa. Machi 1990 huko Marekani, tajiri mmoja wa mafuta na ng'ombe, Clayton Williams, alikuwa anagombea ugavana wa jimbo la Texas. Aliwaalika waandishi wa habari shambani kwake, hali ya hewa ikaharibika, kazi ya ng'ombe ikakwama, akawaambia hali mbaya ya hewa ni kama kubakwa: ikiwa haiepukiki, tulia ufurahie. Novemba 2013 mkurugenzi wa idara kuu ya upelelezi ya India, Ranjit Sinha, alisema maneno ya namna hiyo hiyo akizungumzia kamari kwenye michezo. Desemba 2021, kwenye bunge la jimbo la Karnataka, huko huko India, wabunge walikuwa wanagombania muda wa kuchangia hoja. Mbunge Ramesh Kumar, ambaye amewahi kuwa spika, akasema yale yale. Na spika aliyekuwa kitini siku hiyo akacheka.

Mvua, kamari, muda wa kuchangia, na leo korosho. Ukiyatazama vizuri, utani huu hutolewa pale watu wanapolalamika na mkubwa anataka wanyamaze. Hebu nikuulize, mwanangu: yule mzee alijibiwa swali lake la makato? Barua yako haisemi, na nina hakika hakujibiwa. Kicheko kilikuwa ndilo jibu. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba unaleta mambo ya wanawake kwenye mambo ya korosho. Aliyeyaleta ni yeye, na aliyaleta ili asizungumzie korosho.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nalijua kwa sababu ya kazi niliyofanya. Nimekaa miaka mingi chini ya kiti cha hakimu, nikipanga majalada. Kesi za kubaka husikilizwa faragha, watu wote hutolewa nje, hubaki hakimu, waendesha mashtaka, mshtakiwa na sisi wachache. Humo ndani, mama au binti akishamaliza kueleza, swali la kwanza la upande wa pili mara nyingi ni hili: "Mbona hukupiga kelele? Mbona huna michubuko?" Maana yake, kama hukupambana basi ulitulia, na kama ulitulia basi ulifaidi. Ni utani wa mgeni wenu uliovalishwa suti. Sheria yetu ilishalikataa hilo tangu mwaka 1998 ilipokuja ile Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyobadilisha Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 130 kinasema wazi kwamba ushahidi wa kupambana, kama vile majeraha mwilini, si lazima ili kuthibitisha kwamba hapakuwa na ridhaa. Na Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya aliyetendewa peke yake, ikiwa mahakama imeridhika kwamba anasema kweli. Adhabu kwa mtu mzima haipungui miaka 30. Kiongozi anayesimama mbele ya umma na kusema atulie afaidi anawafundisha wanachama mia kadhaa kinyume cha sheria ambayo serikali hiyo hiyo imeiandika.

Wanawake waliokwisha kukutana na utani huu walifanya nini? Walifanya mengi, na si yote yalizaa matunda. Kule Texas mpinzani wa Williams alikuwa mwanamke, Ann Richards. Williams alikuwa anaongoza. Novemba mwaka ule akashindwa, Richards akawa gavana. Sitakudanganya kwamba ni kwa utani ule peke yake. Bwana yule alikataa pia kumpa Richards mkono hadharani, na akakiri kwamba kuna mwaka hakulipa kodi ya mapato. Ila wanawake wa Texas hawakuusahau ule usemi wa mvua. Karnataka, kesho yake wabunge wanawake walisimama bungeni kupinga, na Kumar akaomba radhi.

Brazil ilichukua muda mrefu. Desemba 2014 Jair Bolsonaro, wakati huo mbunge, alimwambia mbunge mwenzake Maria do Rosário ndani ya ukumbi wa bunge kwamba hawezi kumbaka kwa sababu hastahili. Yaani kubakwa amekufanya zawadi! Mama yule hakujibu matusi kwa matusi, alikwenda mahakamani. Bolsonaro akaamriwa kumlipa fidia ya reai 10,000, fedha ya kwao, na kuomba radhi hadharani. Akakata rufaa, mahakama ya juu mwaka 2017 ikamkatalia. Radhi yenyewe ilitoka Juni 2019, na kufikia hapo alikuwa ameshakuwa rais wa nchi. Basi unaona: alishinda mama, na bwana naye akapanda cheo. Yote mawili ni kweli.

Na Ufilipino ndiyo inayonikera zaidi. Rodrigo Duterte, kwenye kampeni za 2016, alimfanyia mzaha mmishonari aliyebakwa na kuuawa gerezani Davao mwaka 1989, akisema yeye kama meya alipaswa kutangulizwa. Mwezi uliofuata akachaguliwa rais. Mwaka 2017 akawaambia wanajeshi kwamba wakibaka watatu, atasema ni yeye. Wanawake waliamka mwaka 2018, wakajirekodi mmoja mmoja wakisema "Babae ako", yaani mimi ni mwanamke, wakaandamana Manila. Yeye akamaliza muhula wake 2022 bila kutikisika. Nakueleza haya ili usije ukafikiri kwamba ukisimama tu mambo yatanyooka.

Sasa wewe. Sikushauri umrukie mgeni rasmi, wala usiwashutumu wenzako waliocheka. Mwanamke akicheka huku ameziba mdomo kwa kanga, kicheko hicho si chake. Anakilipa kama ushuru ili asitazamwe. Huenda miongoni mwao wamo waliofanyiwa, na hao ndio waliocheka kwa sauti kuliko wote. Nimewaona wa namna hiyo mahakamani.

Mkutano wenu ulikuwa na muhtasari, na kila muhtasari una sehemu ya yatokanayo, pale yaliyosemwa mkutano uliopita yanapofuatiliwa. Hapo ndipo pako. Mtafute katibu kabla ya mkutano ujao, umwombe kuuona muhtasari; wewe ni mwanachama, ni haki yako. Tazama kama hotuba ya mgeni imeandikwa, na imeandikwaje. Nakubashiria utakuta wameandika "mgeni rasmi aliwaasa wanachama kuwa wavumilivu". Kwenye mkutano, ikifika yatokanayo, nyoosha mkono, useme kwa adabu zako zote: "Mheshimiwa mwenyekiti, ukurasa wa tatu haujaandika alichosema mgeni. Naomba kiandikwe kama alivyokisema, halafu naomba jibu la swali la makato." Basi, ukae.

Mtu aandike sentensi ile kwa kalamu, aisome kwa sauti kavu ya kusomea muhtasari, bila vicheko, mbele ya wazee! Utaona watakavyokohoa. Mwenyekiti atasema hakuna haja, tuendelee. Na hapo utakuwa umepata ulichotaka, kwa sababu ameshakiri mbele ya mkutano kwamba hayaandikiki. Usiende peke yako, nenda na wenzako wawili watatu mliokubaliana, mmoja akizimwa mwingine anaunga mkono hoja. Yule jirani yako usimtume na usimtaje. Nenda kwake na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ukale naye.

Kuhusu kumshtaki: maneno yale hayakumlenga mtu mmoja kwa jina, kwa hiyo kesi ingekuwa ngumu. Barua ya malalamiko kwa mamlaka iliyomteua au iliyomtuma ni njia nyepesi zaidi, ikiwa na saini za wanachama, wanaume wakiwemo. Na usiogope la ghala. Korosho zikishapokelewa una stakabadhi yako mkononi, na mkutano mkuu ndio unaoiweka bodi madarakani. Shemeji akumbuke hilo.

SWALI: Shangazi, mimi ni MC wa harusi na shughuli, Masasi. Siku hizi kazi imekuwa ngumu, ukitania kidogo tu, "Bwana harusi, leo bibi hata akilia usimwachie", wanakuja juu. Sisi watu wa kusini tumelelewa kwenye utani. Babu anamwita mjukuu mke wangu. Watani wanaingia msibani wanalala kaburini mpaka walipwe. Mnataka tuufute utamaduni?
*MC, Masasi*

JIBU: Mwanangu, utani unaujua vizuri, basi ueleze wote. Babu akimwita mjukuu mke wangu, mjukuu anamjibu nini? "Mume gani huna jino hata moja, nani akutafunie?" Ukumbi wote unacheka na babu anacheka kuliko wote. Mtani akilala kaburini, siku msiba ukiwa kwake wewe nawe unakwenda kulala. Utani una zamu. Bibi harusi wako amefunikwa shela, ameambiwa asicheke, asiinue macho, na kipaza sauti unacho wewe. Zamu yake iko wapi? Siku utakapompa kipaza sauti akujibu, na wewe ukapokea mbele ya mama yako mzazi, njoo tuzungumze habari za utamaduni.

Halafu wewe unaishi kwa kulipwa, basi nikupe habari ya pesa. Machi 2021 Nairobi, watangazaji watatu wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio walizungumzia kesi ya mwanamke aliyedai kusukumwa kutoka ghorofani na mwanamume baada ya yeye kumkataa. Wakageuza kisa kuwa mzaha na lawama kwa wanawake wanaojirahisisha. Wasikilizaji wakawaka. Kampuni ya bia ya EABL ikasitisha udhamini, watangazaji wakafukuzwa kazi, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikakifungia kipindi miezi sita pamoja na faini ya shilingi milioni moja za kwao. Hao walikuwa mastaa. Wewe bado unadai salio la harusi ya mwezi uliopita.

SWALI: Mke wangu aligombea udiwani wa viti maalumu hapa Kilwa. Kwenye mkutano, mwanamume mmoja mwenye cheo alimtaja kwa jina, akasema mama huyu anatembea usiku kuomba kura, vijana wakimkamata asilie, ahesabu ni kura za ziada. Nina video. Nataka kwenda kumshikisha adabu kwa mkono wangu. Mke wangu ananizuia, anasema nitamharibia.
*Mume mwenye hasira, Kilwa*

JIBU: Msikilize mkeo. Ukimpiga yule bwana, kesi itakayofunguliwa ni yako, na mkeo ataleta chakula mahabusu badala ya kuomba kura.

Hii haifanani na ya mama wa Tandahimba, maana hapa ametajwa mtu kwa jina. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu kinahusu unyanyasaji wa kingono, na kinagusa maneno, si mkono tu. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini, au vyote. Lakini sikiliza neno la karani: kifungu hicho kina ukomo. Zikipita siku 60 tangu tukio kabla ya malalamiko kufikishwa, mashtaka chini yake hayafunguliki. Nimeona wengi wakija na hoja nzuri siku zimeshapita, wanarudi nyumbani wakilaumu mahakama.

Kwa hiyo leo, si kesho, mkae wawili. Mwulize yeye anataka nini, kwa sababu aliyetukanwa ni yeye na jina lililo kwenye kura ni lake. Akitaka, mwende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, pamoja na video na watu wawili waliokuwepo. Asipotaka polisi, aandike kwa uongozi wa chama chake na kwa wasimamizi wa uchaguzi. Video msiitume kwenye magrupu. Kila atakayeitazama atamtazama mkeo, si yule bwana. Iwekeni mahali pawili salama, basi.

Na akiamua kuitaja mwenyewe jukwaani, mwache aitaje. Ushauri wangu ni aiseme mara moja tu, bila kupaza sauti, kisha aendelee na habari za maji na zahanati.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko kidato cha nne Nachingwea. Mwalimu mmoja kila Ijumaa mstarini hututania wasichana kwamba tukipita njia ya mkato mtu akitubaka tusije kulia shuleni, tutakuwa tumejitakia. Wavulana wanacheka, halafu njiani wanaturudia maneno hayo hayo. Tumwambie nani?
*Msichana*

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mwambieni mwalimu wa malezi, mkiwa wengi, kwa maandishi, mkitaja na wale wavulana wa njiani. Asipofanya kitu, mzazi wako mmoja apeleke nakala kwa afisa elimu. Na namba 116 ni ya bure, hupokea habari za watoto, unaweza kupiga kwa simu ya mtu yeyote.

Huyo mwalimu mkumbushe, au mimi namkumbusha hapa kwani najua magazeti yanasomwa kwenye ofisi za walimu, yaliyotokea Agosti 2024. Picha za video za msichana aliyebakwa na kundi la wanaume zilisambaa nchi nzima. Kamanda wa polisi wa mkoa wa Dodoma akanukuliwa na gazeti akisema binti yule alikuwa kama anajiuza. Kamanda huyo ni mwanamke, kwa hiyo tusidhani maneno haya hutoka vinywani mwa wanaume peke yao. Nchi ikachemka, kamanda akaondolewa kwenye nafasi yake. Septemba 30 mwaka huo huo mahakama mjini Dodoma ikawahukumu washtakiwa wanne kifungo cha maisha. Mahakama haikumwuliza binti alipita njia gani.

Kuhusu njia ya mkato, mimi nakwambia kama bibi yako: piteni wengi wengi, na jioni ikiingia piteni barabarani. Nakwambia hivyo kwa sababu nakupenda, na mimi sicheki nikisema.

*Mama wa Liwale aliyeuliza habari ya shamba la urithi: nimepokea barua yako lakini ukurasa wa pili umelowa, hausomeki. Niandikie tena, useme kama marehemu aliacha wosia na kama kaka zako wameshafungua mirathi mahakama ya mwanzo.*